Rivyu ya MC: kwenye send-off nyota tano, ofisini nyota mbili (na moja ni ya huruma)

Kila nikiingia kwenye kamati ya sherehe lazima mtu aniulize yule MC wa send-off ya binamu yangu tulimpata wapi na anachukua shingapi, na kabla sijamaliza kujibu kuna mtu wa ofisini kwetu anadakia "huyohuyo aliyetuharibia pati ya mwisho wa mwaka?" Ndiyo, ndo huyohuyo. Mtu mmoja, suti ileile ya bluu inayong'aa, mdomo uleule. Nimechoka kuelezea vipande vipande kwa hiyo naandika yote hapa, atakayeuliza tena namtumia hii. Jina lake sitalitaja maana makosa ya ofisini sio yake peke yake, na ma-MC wa staili yake Dar wamejaa, ukiajiri yeyote kati yao haya yanakuhusu.

Staili yenyewe ni ile ya kuchoma watu. Hana zile "makofi kwa maharusi tafadhaliii" za dakika mbili mbili, yeye anatania, tena anatania kwa ukali, mtu anacheka huku ameshika kichwa. Kuna watu hawaipendi hii kitu kabisa na nawaelewa, mama yangu mmoja wapo. Mimi naipenda. Ila nimemwona mara zote mbili, na kilichonishangaza ni kwamba maneno makali kuliko yote yalisemwa kwenye send-off na hakuna aliyeumia, wakati yale ya ofisini ukiyaandika kwenye karatasi yanaonekana mepesi tu, na ndo yaliyoharibu.

Twende na bei kwanza maana najua ndo mnachotafuta. Send-off alichukua laki nane, yeye peke yake, DJ na spika mnajitegemea. Nusu advansi, na advansi hairudi hata mkiahirisha. Ofisini alipandisha ikawa milioni moja na laki mbili, anasema kazi za makampuni zina presha. Risiti ya EFD (ile ya mashine ya TRA) hana, jambo ambalo kwa familia halina shida ila watu wa manunuzi ofisini walihangaika mpaka wakalipitisha kwenye kampuni ya mapambo.

Sasa send-off. Sisi ni Wangoni, binamu yangu alikuwa anaolewa na Mhehe. Kwa asiyejua, Wangoni na Wahehe ni watani, na utani huu haukuanzia kwenye kunywa chai, babu zetu walipigana vita vikali miaka ya 1878 mpaka 1882 na hakuna aliyemmaliza mwenzake, vita vikaisha vikabaki vya mdomo. Mtani wako ana ruhusa ya kukuambia kitu ambacho mtu mwingine akikuambia mnaitana polisi. Anakuja hata msibani kwako anamwigiza marehemu anavyotembea, kuna watani wanaingia kabisa kaburini wanagoma kutoka mpaka walipwe, na wafiwa wanatoa hela huku wanacheka na machozi yanatoka. Kwa hiyo ukumbi ulishajaa baruti kabla MC hajafika.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati. Jamaa alikuja kwenye kikao kabla ya kulipwa hata mia. Nilitegemea aanze kutuonyesha video zake kama wengine wanavyofanya, badala yake akatoa daftari akaanza kuuliza. Nani mzungumzaji upande wa bibi harusi? Upande wa wageni nani mtani anayejua kutania na nani anajifanya anajua? Wazazi wa binti wanaishi pamoja? Kuna mtu amefiwa karibuni? Mahari imeisha au bado? Afu akauliza swali ambalo mi sijawahi kumsikia MC akiuliza, akasema "nipeni vitu ambavyo nisiviguse, hata kama vinachekesha".

Shangazi yangu mkubwa ndo alijibu. Akasema viwili. Cha kwanza, Wahehe wanasemwa sana kwa mambo ya kujinyonga, kila mtu anautumia huo utani, ila familia hii ya mkwe walimpoteza kijana wao kwa namna hiyohiyo, kwa hiyo neno kamba lisisikike humo ndani. Cha pili, kichwa cha Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni. Huyu Wajerumani walimnyonga mwaka 1906 wakati wa Majimaji, na wazee wetu wanaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani na mpaka leo hakijarudi. Rais wao Steinmeier alikuja Songea Novemba 2023 akaomba msamaha, lakini kichwa bado ukoo unakitafuta. Shangazi akasema "hicho ni msiba ambao haujazikwa, wasikiguse". Jamaa akaandika. Nilimwona kwa macho yangu anapigia mstari. Na alichofanya baada ya hapo, akampigia mzungumzaji wa upande wa Wahehe akamwambia hayo hayo, na akamuuliza na yeye ana ya kwake.

Siku yenyewe MC hakutania Wahehe hata kidogo. Yeye ni Mhaya, hana utani na sisi wala na wao. Alichofanya ni kugawa maiki kwa wenye haki ya kutania na kukaa pembeni kama refa. Nimeona ma-MC kibao wanaojua neno "watani" tu, wanashika maiki wanamtania kila kabila humo ukumbini kama wao ndo watani wa taifa zima. Huyu alimwita babu yetu mdogo akamwambia "mzee, wageni wako hawa, wakaribishe unavyojua wewe", akakaa.

Babu akaanza kwa kusalimia Kihehe, "Kamweneee". Wageni wakaitikia kwa furaha. Akasema "tunaomba radhi sana kuhusu chakula cha leo, mtakuta ng'ombe, kuku na samaki, mbwa tumezunguka Dar nzima tumekosa". Ukumbi ukapasuka, maana Wahehe siku zote wanataniwa kwamba wanakula mbwa. Akaendelea, "watani zangu, kichwa cha mtawala wenu Mkwawa kilikaa Ulaya kuanzia 1898 mpaka 1954, miaka 56 ukoo mzima unatembea bila kichwa, ndo maana sishangai mlileta mahari nusu nusu".

Hapo nilimwangalia baba mkwe mtarajiwa, mzee ana sura ya kazi kweli, nikasema hapa tumekwisha. Alikuwa anafuta machozi ya kucheka na kitambaa cha mezani.

Baba mkubwa wa bwana harusi ndo akasimama kujibu, mzee mrefu, koti la kijivu, anaongea polepole utadhani anasoma misa. "Ni kweli kichwa kilisafiri. Lakini kichwa chetu kilikuwa na thamani mpaka kikaandikwa kwenye mkataba wa Versailles mwaka 1919, mataifa makubwa yamekaa mezani yanajadili kichwa cha Mhehe. Na Mkwawa risasi alijipiga mwenyewe, hakumpa Mjerumani hiyo raha. Ninyi mlipanga foleni."

Ukumbi ukasema uuuuuuh. Kwa asiyeelewa, kaburi la pamoja la wale mashujaa wetu walionyongwa Februari 1906 lipo pale Songea kwenye makumbusho ya Majimaji, kila mwaka tunawakumbuka. Kauli hiyo angeitoa mtu mwingine yeyote, angeitoa mfano bosi wangu au mtangazaji wa redio, ingekuwa habari nyingine kabisa na mimi mwenyewe ningekuwa wa kwanza kurusha chupa. Babu yetu hakukaa hata sekunde tatu. "Tulipanga foleni kwa sababu sisi ni watu wa utaratibu, hata mahari yenu tuliipokea kwa foleni, laki moja moja, miezi minane." Wakakumbatiana palepale, DJ akaachia lizombe, mashangazi wa Kihehe wakaingia katikati wanacheza ngoma ya watani zao vibaya makusudi.

Na angalia vitu. Mzee wa Kihehe aligusa kifo cha Mkwawa mwenyewe, kujiua kabisa, ambako kwa juu juu ungesema ndo kulekule shangazi alikokataza. Lakini ni chifu wa miaka mia na zaidi iliyopita, ni fahari yao, na aliyesema ni wao wenyewe. Kijana wao hakuguswa. Na kichwa cha Songea, ambacho kingekuwa jibu jepesi kabisa ("chetu kilirudi, chenu kiko wapi") yule mzee alikipita. Alikuwa na nafasi, nafasi imekaa wazi kabisa, akaipita. Mi nadhani hata bila simu ya MC angeipita maana mtani wa kweli anajua kidonda kipo wapi kuliko mtu mwingine yeyote, ndo maana anajua na pa kutogusa.

Aliyetaka kutuharibia ni rafiki wa bwana harusi, kijana mmoja wa meza za nyuma, ameshakunywa, akadaka maiki iliyokuwa inazunguka akaanza "sasa hawa Wahehe tusiwape kamba ya mapambo maana..." Hakumaliza. MC alishafika. Akamshika bega akiwa anacheka kabisa akauliza kwenye maiki nyingine "kaka yangu, wewe kabila gani?" Jamaa akataja kabila lake, ambalo halina utani na Wahehe. "Haya, wenye utani na Wahehe wana leseni, wewe huna hata lena, shuka kwenye gari." Watu wakacheka, DJ akapandisha mziki, kijana akarudishwa kwenye kiti, na nusu ya ukumbi hawakujua hata nini kilikaribia kutokea. Mama yake yule kijana aliyefariki alikuwa meza ya tatu kutoka mbele. Kwa hizo sekunde tano peke yake laki nane yake ni halali.

Baadaye mashangazi wa Kihehe waliteka keki. Walibeba keki nzima wakaiweka chini ya meza yao wakasema hawaitoi mpaka waletewe kreti mbili, moja soda moja bia. Ratiba ilikuwa imeshachelewa na mwenye ukumbi alishaanza kutuonyesha saa, MC mwingine angewaomba "wamama tafadhali". Huyu akageuka dalali, akapandisha, akashusha, akamtoza na baba wa binti faini ya kuzaa mtoto mzuri, mwisho ikawa kreti moja ya mchanganyiko na tukamaliza saa sita kasoro.

Kasoro za siku hiyo zipo, nisiseme uongo. Anatangaza peji yake ya Instagram mno, kila baada ya mziki tunaambiwa tumfolo. Alimwinua mama wa binti kucheza mpaka mama wa watu akaomba maji. Na anaongea kwenye maiki akiwa ameibana mdomoni, meza zilizo karibu na spika walimaliza shughuli masikio yanalia. Nyota tano hata hivyo.

Ofisini sasa.

Mimi ndo niliyempendekeza, sikatai. Kamati ya pati ikampigia, kikao hakikufanyika, yalikuwa mambo ya simu tu. Mtu wa utawala akamtumia kwenye WhatsApp orodha ya wafanyakazi kama kumi hivi na "vichekesho" vyao, yaani fulani analala kwenye vikao, fulani anapenda kula, fulani hajaolewa, afu mwishoni akaandika "changamsha usiogope mtu". Nimeiona ile meseji kwa hiyo nasema ninachokijua.

Alianza vizuri sana. Simba na Yanga, silaha ambayo kwa ofisi za Tanzania haishindwi. Akawasimamisha Yanga wakawakumbusha wenzao zile tano moja za tarehe 5 Novemba 2023, watu wanahesabu kwa vidole, afu akawapa maiki Simba nao wakarudisha tano bila za Mei 2012, na mzee mmoja wa stoo ambaye hata sikujua huwa anaongea akasimama akasema "na sita bila za 1977 mlizitupa wapi?" Mkurugenzi ni Yanga, kijana wa mafunzo kazini ni Simba, na kijana alimrushia mkurugenzi maneno hadharani na hakuna aliyeshtuka. Kesho Yanga ikifungwa zamu inageuka, kila mtu anajua, na hakuna anayelala njaa kwa ajili yake. Kama angebaki hapo dakika arobaini angekula hela yake safi.

Akaingia kwenye orodha. Akaita mchezo wake "kikaango", unaitwa mbele, unasimama, unachomwa, unarudi. Wa kwanza alikuwa dada wa uhasibu. "Dada huyu mahesabu ya kampuni yanabalansi ila ya kwake mwilini muda unakwisha, mayai yana ekspaya jamani, vijana mpo?" Ndo ule utani wa hajaolewa. Mkurugenzi akacheka, na mkurugenzi akicheka ofisi nzima inacheka, mpaka wale ambao wiki hiyohiyo walikuwa wanamfariji yule dada kwa mambo yake ambayo siyaandiki hapa. Yeye alitabasamu. Ungetaka afanye nini? Amesimama mbele ya watu themanini, maiki anayo mwingine, anayemlipa mshahara anacheka. Akinuna ataambiwa hana utani, akijibu kwa ukali uleule atakuwa amemjibu bosi maana mchezo ni wa bosi.

Afu akamwita dereva wetu. Huyu kaka ana kigugumizi. Kila mtu anajua, ofisini hakuna anayelizungumzia, ukiongea naye unasubiri tu amalize. Kumbe kwenye orodha ilikuwa imeandikwa. MC akampa maiki akamwambia "sema haraka mara tatu, wale watu wa Liwale wala wali wa Liwale".

Kaka wa watu alijaribu. Alifika "wa-wa-wale" akakwama, watu wakacheka, akajaribu tena, wakacheka zaidi, MC akaanza kumpigia ngoma mdomoni kufuata kile kigugumizi. Mara ya tatu hakujaribu, akamrudishia maiki kwa mikono miwili kama unavyomrudishia mkubwa kitu. Akarudi kwenye kiti, baada ya muda kidogo akatoka, tukajua ameenda kuangalia magari. Hakurudi ukumbini.

Hapo hakuna tusi. Ukimwambia mtu ambaye hakuwepo atakwambia sasa kibaya nini, ni mchezo wa maneno, hata watoto shuleni wanaucheza. Na kule kwenye send-off mtu ameambiwa babu zake walipanga foleni ya kunyongwa na akacheka. Mi nimelifikiria sana hili, na naona tofauti ni kwamba yule mzee wa Kingoni alikuwa na maiki yake, ana jibu lake, ana ukoo nyuma yake, na kila mtu humo ndani alijua zamu yake inakuja. Dereva alikuwa na maiki kwa ajili ya kuonyeshwa tu hawezi kuitumia. Na yeye na MC hawajuani, si mtani wake, si rafiki yake, ni mtu aliyelipwa na ofisi kumcheka.

Kuna wanaosema siku hizi watu wamekuwa laini, zamani tulikuwa tunataniana. Zamani gani? Zamani ndo ilikuwa na utaratibu kuliko sasa hivi. Mjukuu anamwita bibi yake mke mwenza, lakini jaribu kumtania mkwe wako uone. Shemeji unamtania, baba mkwe unampisha njia. Mtani alijulikana, na asiye mtani alikaa kimya. Kilichoongezeka sasa hivi ni watu wenye maiki wasio na utani na yeyote.

Na kwa wale wa utawala ambao watasema ni burudani tu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kazini na kinataja kabisa kabila, jinsia, hali ya ndoa, ulemavu, umri, na kinasema unyanyasaji wa mfanyakazi kwa mambo hayo nao ni ubaguzi. Ukirudi kwenye ile orodha ya WhatsApp ni kama mtu aliichukua sheria akaifanya menyu. Sisemi mtu aende CMA (tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi) kwa ajili ya pati, nasema tu kwamba pati ya ofisi bado ni ofisi, bia haibadilishi nani anamsaini nani fomu ya likizo.

Kitu kimoja nilichoona cha ajabu ni kwamba mkurugenzi hakuguswa kabisa. Wala sera, wala zile memo zake za saa nne usiku, wala ile printa ya ghorofa ya pili ambayo imeharibika tangu tumehamia, wala masurufu yanayochelewa mpaka mtu anasafiri kwa hela ya ada ya mtoto. Vichekesho vya bure vimekaa pale, wote tunavijua, na vingemchoma mwenye nguvu ambaye kuchomwa hakumpunguzii kitu. Nilimuuliza baadaye, akasema "dada, anayelipa simgusi". Politiki pia hagusi, anasema tangu mchekeshaji Idris Sultan ashikiliwe na polisi Mei 2020 kwa ile video anacheka picha ya zamani ya Rais Magufuli yeye na viongozi basi. Nikamwambia kwa hiyo unaogopa wenye nguvu unamaliza hasira kwa dereva? Akanyamaza kidogo. Sio mtu mbaya, na makosa sio yake peke yake, nilisema mwanzoni.

Akaniambia kitu ambacho ni cha kweli, "kule kwenu niliambiwa nani mtani wa nani na nini nisiguse, huku niliambiwa nichangamshe". Sawa. Lakini daftari lilikuwa wapi? Yale maswali aliyowauliza wazee wetu kwa nini hakuyauliza ofisini? Jibu lake ni kwamba ofisini hakuna misiba wala mahari. Hapo ndo alipokosea, nikamwambia, ofisini kuna kila kitu ila watu wamekificha kwa sababu wanataka kazi. Kuna aliyetoka kuachika, kuna anayeumwa, kuna ambaye wiki ijayo mkataba unaisha. Will Smith alimzaba Chris Rock kibao kwenye tuzo za Oscar 2022 mbele ya dunia nzima kwa utani wa nywele za mke wake ambazo zilikuwa zimetoka kwa ugonjwa, na Rock ni mtu wa kazi hiyo miaka yote. Kibao kilikuwa kosa, na wenyewe wakamfungia miaka kumi. Ila dereva wetu hana hata uwezo wa kufanya hilo kosa.

Nampa hii, alimpigia dereva simu kuomba radhi. Dereva akamjibu "haina shida mkuu". Jibu ambalo dereva yeyote angempa mtu aliyeletwa na mabosi, kwa hiyo sijui lina uzito gani, na yule mtu wa utawala aliyeandika orodha hajaomba radhi kwa mtu yeyote mpaka leo na mwaka huu amepandishwa cheo.

Kwa anayetaka kumchukua. Kwa send-off, harusi, kipaimara cha watu wanaojuana, mchukue ukiwa umefumba macho, ila hakikisheni anakuja kwenye kikao na mumkalishe na shangazi, sio na vijana wa kamati. Mpeni orodha ya visivyoguswa kabla ya ile ya vinavyochekesha. Kama ukumbi hauna watani wa kweli mwambieni mapema, maana yeye akikosa watani anatafuta mnyonge. Kwa ofisi, kama lazima awe yeye, mpeni Simba na Yanga, mpeni printa, mpeni mkurugenzi kwa ruhusa ya mkurugenzi mwenyewe (na mkurugenzi aanze kujitania mwenyewe kwenye hotuba, hapo watu wanapumua), na jina la mfanyakazi yeyote lisiingie kwenye maiki mpaka mwenyewe ameulizwa pembeni, sio mbele za watu ambapo hawezi kusema hapana. Mkataba wake una ukurasa mmoja tu, kuna nafasi chini ya sahihi, andikeni hapo hapo.

Jirani yetu ana send-off mwezi wa sita, binti wa Kipare anaolewa Uchagani, watani wengine hao, nimewapa namba yake. Kashakuja kwenye kikao na daftari lake na amemuuliza shangazi wa binti maswali mpaka shangazi kaomba chai. Bei imefika laki tisa, wamejaribu kushusha wakitumia jina langu, hajashuka. Ofisini kamati mpya imeamua mwaka huu ni DJ na nyama choma tu, maiki itakuwepo ya mkurugenzi kusoma hotuba afu inazimwa.